Jembe Ndani ya Duara

Siku ng'ombe wa kijiji walipopigwa chapa, Joram Kisyeri ndiye aliyeshika chuma. Alikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba amemaliza, katibu wa vijana wa TANU katika kijiji kipya kilichokuwa bado kinanuka nyasi mbichi za kuezekea, mwendo wa saa moja kutoka Busawe. Mwaka ulikuwa 1974. Watu walikuwa wametolewa kwenye miji yao iliyotawanyika vilimani, wakapangwa nyumba kwa mistari, na kila mwenye mifugo akaombwa atoe ng'ombe mmoja kwa ajili ya zizi la pamoja. Wengine walitoa dume kongwe. Wengine walitoa ng'ombe mwenye chuchu mbili zilizokufa. Mzee Kisyeri, baba yake Joram, alitoa Nyamweri.

Nyamweri alikuwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni, limepinda kama mwezi mchanga, na jina lake lilitoka hapo. Mzee hakuwa na ng'ombe wengi. Huyu alikuwa amemweka kando kwa jambo moja tu: awe wa kwanza kutoka zizini siku mahari ya Wegesa, mchumba wa Joram, itakapopelekwa.

"Tata, tukitoa vibovu tutajenga kijiji kibovu," Joram alimwambia baba yake.

"Huyu si wangu wa kutoa. Ni wako."

"Basi nimemtoa."

"Wewe mura, kijana wangu, umesoma. Mimi nitabishana vipi na kitabu?" Mzee akaenda mwenyewe kufungua kamba.

Chapa ilikuwa duara, na ndani ya duara jembe. Chuma chake kilikuwa kimefuliwa na Mzee Maftah, fundi wa vyuma pale Mugumu. Wazee waliegemea ua wakitazama moshi wa manyoya ukipanda. Walikuwa wamezoea alama za masikio. Kila mji ulikata sikio la ng'ombe wake kwa namna yake, na mtoto wa miaka sita aliweza kukwambia ndama aliyepotea ni wa nani.

"Sikio lina mwenyewe," Mzee Waitara akasema kwa sauti ya kusikika. "Hili duara mwenyewe nani?"

"Mwenyewe ni sisi sote," Joram akajibu, jasho likimtiririka.

"Sote ndiyo mtoto wa nani? Simjui."

Wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Joram kuliko chuma kilivyomchoma ng'ombe. Hakukaa nacho siku nyingi. Jumamosi iliyofuata alitembea hadi Mugumu pamoja na rafiki yake Simioni, wakaingia kwenye kibanda cha Mzee Maftah.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chuma kimevunjika?"

"Chuma kizima. Nataka unichanje alama ile ile, hapa." Akanyoosha mkono wa kulia, akaonyesha mahali juu kidogo ya kifundo.

Watu wa sokoni walijua kwamba Maftah alikuwa askari katika vita vya Bama, wakati wa vita kuu ya pili, na kwamba huko aliwachanja wenzake namba zao mikononi kwa sindano na masizi, ili mtu akiokotwa ajulikane ni nani. Yake mwenyewe ilikuwa bado ipo, imefifia kama maandishi ya penseli yaliyolowa.

"Dini yangu inakataza," mzee akasema. "Na umri wangu nao unakataza."

"Lakini uliwachanja wenzako."

"Wale walikuwa wanakwenda kufa. Wewe unakwenda wapi?"

"Naenda kuishi. Nataka nikiishi nijulikane ni wa wapi."

Maftah akazungusha koleo mkononi, akalitua. "Haya. Nikiulizwa huko mbele nitasema mtoto wa Kisyeri alinishinda maneno." Akafunga sindano tatu kwa uzi, akakwangua masizi kwenye kibatari, akaanza. Joram hakukunja uso. Simioni alipoona rafiki yake hakulia, naye akanyoosha mkono.

Kijijini, Wegesa ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani, akasimama, akaitua, akaushika mkono wa Joram na kuugeuza juani.

"Ng'ombe wangu amepigwa chapa," akasema. "Sasa ukipotea nitajua pa kukurudisha."

"Wapi?"

"Zizini, kwa wenzako." Kisha akapitisha kidole juu ya uvimbe, taratibu. "Inauma?"

"Hapana."

"Mwongo."

Vijana wa siku zile walikuwa na maneno mengi juu ya alama za mwilini, na karibu yote yalikuwa maneno ya haya. Waliosoma waliwacheka mama zao kwa chale za tumboni. Waliojipatia kazi Musoma walikwenda hospitali kushonwa masikio yaliyorefushwa utotoni. Pale Mugumu, mbele ya duka la vitambaa, walimzunguka Joram wakamwita Mali ya Kijiji, wakamuuliza kama amekwisha pelekwa josho. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Kadi yangu ya chama imelowa mvua mara mbili," akawaambia, akaunyoosha mkono. "Hii hailowi."

Kuna waliocheka zaidi, na kuna wawili walioacha kucheka. Yeye aliona wale wawili wanatosha.

Zizi lile halikudumu, na ikiwa kulikuwa na kosa, halikuwa la Joram peke yake. Miaka miwili aliamka kabla ya jua kwenda kwenye zizi la pamoja, akichunga zamu za watu waliosema wanaumwa mgongo. Ndigana, homa ya kupe, ikaua nusu ya ng'ombe, kwa sababu dawa ya josho iliahidiwa na haikufika. Kisha, mwezi wa nane mwaka 1976, wezi wakavunja ua na kuondoka na waliobaki, Nyamweri akiwa kati yao. Joram na watu saba walifuata nyayo siku mbili kuelekea Tarime. Kwa desturi, nyayo zikiingia kijijini kwa watu, wenyeji wa pale huzipokea na kuziendeleza hadi kwa jirani, la sivyo wizi ni wao. Walipokelewa mara tatu. Mara ya nne walikuta wenyeji wamepitisha mbuzi wao wote juu ya njia, na ardhi ilikuwa laini kama unga, haina alama ya kwato hata moja.

Mzee Kisyeri hakumlaumu. Alisema tu, "Angekuwa na sikio letu, pengine njiani angejulikana." Hakurudia tena.

Sasa Joram alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja asiye na ng'ombe wa mahari, na baba yake Wegesa alianza kupokea wageni. Mtu mmoja wa Tarime, mtu mzima mwenye zizi kubwa, alikuwa amefika mara mbili.

Nafasi ikaja mwaka 1977. Nchi ilikuwa imeamua kila mtoto asome, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa wafundishwe kazi huku wakifundisha. Wegesa alikuja na habari hiyo mbio, pumzi juu. Baba yake alikuwa amesema kwamba Joram akiwa mwalimu, yeye atangoja: mwalimu ana mshahara, na mshahara ukipewa muda hununua ng'ombe.

"Mpaka lini atangoja?"

"Mpaka mavuno. Joram, ukikosa hii, mimi sina tena la kumwambia."

Joram alijua kufundisha. Jioni kwenye madarasa ya watu wazima alikuwa amemfundisha Mzee Waitara, yule yule wa ua wa ng'ombe, kuandika jina lake, na mzee aliliandika kwa mkaa kwenye mlango wake mpaka mkewe akamfokea. Alikwenda Mugumu kwenye usaili bila wasiwasi, shati limefuliwa, mikono mifupi kwa sababu hakuwa na jingine.

Wasaili walikuwa watatu, na hakuna aliyezidi miaka thelathini. Katikati alikaa mwenyekiti, kijana aliyevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Kushoto kwake mwalimu Rukaya, binti wa mfanyabiashara wa Tarime. Kulia kwake Simioni, ambaye mwaka mmoja sasa alikuwa karani wa serikali pale Mugumu. Mchana ulikuwa na joto la kuchosha, naye alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, amefunga vifungo mpaka kwenye viganja.

Joram akasoma aya waliyompa. Akagawanya kwa tarakimu mbili ubaoni. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha macho yake yakashuka kutoka kwenye chaki hadi kwenye mkono ulioishika.

"Hicho nini?"

"Alama ya kijiji chetu."

"Umechanjwa?"

"Ndiyo."

"Ndugu, chale za wazee ni ushenzi, na chale za bandarini ni uhuni. Hii yako niiweke wapi?"

"Weka kwenye ujamaa."

"Ujamaa hauandikwi kwenye ngozi. Unaandikwa kwenye kazi."

"Nipeni kazi niuandike."

Rukaya akainamisha uso kuficha tabasamu, lakini aliponyanyua kichwa alikuwa amekwisha lifuta. "Bibi yangu ana chale mashavuni," akasema kwa upole. "Nampenda sana. Lakini sitamsimamisha mbele ya darasa. Watoto hushika wanachokiona, kaka yangu. Wiki ya pili utakuta hamsini wamejichoma miiba."

"Kijijini kwenu kuna mwingine mwenye alama hii?" mwenyekiti akauliza, kalamu tayari.

Joram alimtazama Simioni. Simioni alikuwa anasoma karatasi isiyo na kitu. Kidole chake kimoja kilikuwa kimeingia chini ya mkono wa shati, kinakuna polepole.

"Simjui mwingine," Joram akasema.

Wakampa mwezi mmoja. Akirudi na mkono safi, nafasi ni yake. Jina lake wangeliacha kwa penseli. Basi hivyo ndivyo vijana watatu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima walivyopima mtu. Hawakumuuliza hata mara moja atamfundishaje mtoto asiyesikia Kiswahili, wala atafanya nini shule ikikosa madawati. Waliona duara la masizi, pana kama kifuniko cha chupa, na likaziba kila kitu kilichokuwa nyuma yake.

Simioni alimkimbilia njiani, karibu na kituo cha mabasi ya Musoma. Akafungua kifungo, akapandisha shati. Mahali pa jembe palikuwa na kovu la rangi ya ini, linang'aa.

"Dereva mmoja alinipa maji ya betri. Wiki mbili tu, nikapona. Ifute, ndugu yangu. Na kwa kule ndani, asante."

"Uliona haya?"

"Haya?" Simioni akafunga kifungo. "Niliona njaa."

Joram akaenda kwa Mzee Maftah. Alimkuta amekaa kwenye gogo, macho yameanza ukungu.

"Mzee, nisaidie kuifuta."

"Kuandika nilijua. Kufuta sikufundishwa. Miaka thelathini na zaidi namba yangu ninayo, na vita vyenyewe vimekwisha." Kisha akasema, "Ile chapa yenu mwenyekiti wa kijiji aliniletea mwezi uliopita. Alisema ng'ombe hawapo, chuma kitaliwa bure na kutu. Nimeifua bawaba za mlango wa ofisi yenu."

Maji ya betri hayakupatikana. Mwenye gari pekee waliyemjua alikuwa safarini Mwanza. Siku zikapungua. Wegesa alikuja, akaushika ule mkono kama alivyoushika siku ya kisima.

"Mimi nimekwisha izoea hii," akasema. "Usifikiri naionea haya. Lakini ifute."

Asubuhi ya Jumanne, nyuma ya nyumba, walitia kipande cha jembe chakavu kwenye moto hadi kikawa chekundu. Mzee Kisyeri akaushika mkono wa mwanawe, kiwiko kwapani mwake, kama alivyokuwa akishika ndama. Joram alijichoma mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kwa mara ya kwanza alipiga kelele.

Na hapo mzee alifanya kile ambacho mtu wa ng'ombe angefanya, na angekifanya kwa mapenzi. Katika maisha yake yote, kila ndama aliyechomwa alipakwa samadi mbichi iliyokandwa kwa samli, jeraha likaachwa wazi lipigwe na upepo, na hakuna ndama aliyeoza. Alikwenda mwenyewe kutafuta samadi ya ng'ombe aliyekunya karibuni. Akampaka mwanawe kwa vidole vyake, akipuliza ili asisikie maumivu.

"Ndama hakai kitandani," akamwambia. "Keshokutwa utaandika."

Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba hadi begani. Siku ya sita Joram hakumtambua baba yake. Walimbeba kwa machela hadi hospitali ya Mugumu, na mganga alipoutazama mkono na kusikia kilichopakwa, hakugomba. Aliwaomba tu wakae nje. Waliuokoa mkono. Vidole viwili vya mwisho vilikunjika kuelekea kiganjani na havikunyooka tena, na cha kati hakikuwa na nguvu ya kukaza chaki.

Alikaa wodini wiki saba. Katika wiki ya tano Simioni alikuja kumwambia kwamba lile jina la penseli limefutwa, kwa sababu watoto walikuwa wameingia darasani na hawakuweza kukaa bila mtu. Wegesa alikuja mara moja, na uji kwenye chupa ya chai. Alimlisha kijiko kwa kijiko, ingawa mkono wa kushoto ulikuwa mzima na wote wawili walijua hivyo. Uji ulipokwisha akafunga kifuniko.

"Mavuno yamekwisha," akasema.

"Najua."

"Huko Tarime sijui hata kisima kiko wapi."

Joram alimwona kupitia dirishani akikatiza uwanja wa hospitali, chupa mkononi, hajageuka.

Miaka minne baadaye, mwaka 1981, watu wa njiani walimjua Joram kama mswagaji. Aliswaga ng'ombe wa Swaleh, mfanyabiashara wa Mugumu, siku nyingi kwa miguu hadi mnada wa Tarime, na huko alipewa pia kazi ya kuwapandisha kwenye malori. Fimbo aliishika kwa mkono wa kushoto. Hakuzungumza siasa tena, lakini hakumruhusu mtu aicheke ujamaa mbele yake. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Hatukujaribu mpaka mwisho," kisha anaondoka.

Siku moja, katikati ya vumbi la mnada, aliona baka la mwezi.

Lilikuwa limechafuka, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mzee, mbavu nje, pembe moja imekatika. Joram akamzunguka taratibu. Kwenye paja la kushoto, chini ya manyoya, kulikuwa na duara, na ndani ya duara jembe.

Aliyeshika kamba alikuwa mtu mnene wa upande wa Sirari. "Wewe unaangalia nini hivyo? Kama unanunua sema, kama haununui toka kwa jua yangu."

"Huyu ni wa kijiji chetu. Aliibwa mwaka sabini na sita."

"Hiyo ni maneno gani sasa? Mimi nimenunua huyu na pesa yangu, ng'ambo, mbele ya watu."

Kelele zikamleta bwana mifugo wa mnada, kijana mwenye daftari kwapani, mtu wa haki. Aliinama akaitazama chapa, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Sijaiona katika orodha zangu. Chuma chake kiko wapi?"

"Kilifuliwa bawaba."

"Daftari la kijiji?"

"Lililiwa na mchwa."

Mtu wa Sirari akacheka, akawageukia waliokusanyika. Bwana mifugo hakucheka. "Ndugu, nataka kukusaidia. Nipe kitu kimoja tu chenye alama hii, chochote, nilinganishe. Nikikiona nazuia mauzo mpaka watu wenu waje."

Kabla hajafikiri, Joram alikwisha pandisha mkono wa shati. Aliunyoosha mkono mbele ya watu wote, kama alivyounyoosha mbele ya vijana wa duka la vitambaa, kisha naye akautazama pamoja nao. Kulikuwa na kovu, refu, limekunjamana, halina umbo.

"Huyo ameungua na uji," mtu wa Sirari akasema, na watu wakaangua kicheko.

Bwana mifugo akangoja kidogo, ikiwa kuna kingine. Kisha akafunga daftari. "Pole, ndugu yangu," akasema, na alimaanisha.

Nyamweri alinunuliwa na bucha wa Musoma. Lori likarudi nyuma hadi kwenye tuta, na msimamizi akaita mswagaji yule wa kushoto aje kupandisha, maana wengine walikuwa wanakula. Joram akaja. Ng'ombe alikataa kupanda ubao. Joram hakumpiga. Aliegemeza bega, akaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya duara, vidole vyake viwili vikiwa vimekunjika, akasukuma. Ng'ombe akageuza sikio moja, akapanda.

Alifika nyumbani siku ya tano. Mzee Kisyeri alikuwa ameketi nje, haoni tena vizuri, lakini nyayo za mwanawe alizijua.

"Umeona nini huko Tarime, mura?"

Joram akakaa chini karibu naye, akavuta mkono wa shati ukafika kiganjani.

"Ng'ombe tu, tata."